Namba Nilizomsomea Mama Yako

Mwanangu Nyamizi,

Umetoka sasa hivi kwenda Ipuli kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hatakuachia kabla hujala na kufungiwa kingine cha kubeba. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimeketi kwenye meza ya kulia, dirisha liko wazi, na ninaandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu mstari nauona lakini nilichoandika juu yake sikioni vizuri. Ukikuta neno limepanda juu ya jingine, vumilia.

Treni yako ya Kigoma ni kesho. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako uisome leo, nikiwa bado chini ya bati moja na wewe, uweze kuja kunigongea mlango na kuniuliza. Nilifikiria kuiacha kwenye sanduku isomwe baada ya kunizika. Nikaona huo ni woga mwingine, na woga wangu umeshatosha.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango, ya kumwamkia mwalimu mkuu wako mpya, sitakuandikia. Unayajua, na shangazi yako anakurudia hayo hayo saa hii. Mimi nina jambo moja tu.

Wiki mbili zilizopita ulikwenda kupimwa afya kwa ajili ya fomu ya kazi. Ulirudi, ukatupa pochi kwenye kochi, ukasema, "Shikamoo Baba. Wamenitia presha bure. Eti sukari kumi na moja, na sijala kitu tangu jana."

Nikakuuliza wamesema nini.

"Wamenipa vidonge, na wamenipa siku ya kurudi. Nitarudi wapi, wakati nakwenda Kigoma? Naanza na asali ya nyuki wadogo, na ndimu, na tangawizi. Kule kwenye kundi letu la WhatsApp wadada wameshuka sukari kwa hiyo hiyo."

Nikasema, taratibu, "Asali ni sukari, mwanangu."

Ulinicheka. Ulicheka kama mama yako, kichwa nyuma. "Baba nawe! Mtu kafundisha biolojia miaka thelathini, leo anaogopa asali ya babu yake?" Ukaingia chumbani, ukatoka na lile daftari la jalada la buluu, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ukanifungulia mbele ya macho. "Saba nukta mbili. Sita nukta tisa. Saba nukta nne. Mwandiko wangu mwenyewe huu, Baba. Mama alikuwa anakula asali kila siku na namba zake hizi hapa. Hospitali ndiyo iliyommaliza, walipomkata mguu."

Kisha ukaniambia kwamba ukurasa ule umeupiga picha na kuuweka kwenye kundi, na kuna mama wa Nzega amekuuliza asali hiyo anaipataje.

Niliomba maji ya kunywa. Wewe ulidhani nimechoka.

Nyamizi, namba zile ni za uongo. Hukukosea kuziandika. Mimi ndiye niliyezisoma vibaya, nikijua, Jumapili baada ya Jumapili, kwa karibu miaka miwili.

Nitakueleza ilivyoanza, si kwa kutafuta huruma yako. Nataka ujue mtu mwenye akili zake anafikaje huko, kwa sababu njia yenyewe haikuwa na kona kali. Nilikwenda tu, hatua moja na nyingine.

Babu yangu alikuwa mpagazi katika ujana wake. Alibeba mizigo ya watu kutoka hapa hadi Ujiji, kwa miguu, njia hiyo hiyo ambayo treni yako itaifuata kesho. Uzeeni alirudi kwenye mizinga ya baba yake, porini, upande wa Isikizya. Nilipokuwa mdogo alikuwa akitusimulia kwamba wenzake walianguka njiani kwa homa na njaa, yeye hakuanguka, kwa sababu ya kibuyu cha asali alichofunga kiunoni. Tulikua tukiamini hivyo ukoo mzima. Mtoto akikohoa, asali. Mama akijifungua, asali. Jipu, kidonda, macho, asali. Watu wengine wanajivunia ng'ombe, sisi tulijivunia kwamba damu yetu imezoea asali. Nikaenda shule, nikaenda chuo, nikasoma kongosho na kazi yake, nikawachorea wanafunzi ubaoni kwa chaki za rangi. Nikirudi nyumbani kengele ya shule ikishalia, nilikuwa mjukuu wa mpagazi tena.

Mama yako alipoanza kuamka usiku mara nne kwenda haja, na kumaliza jagi la maji kabla ya asubuhi, alikwenda mwenyewe kupima. Akaambiwa ana sukari. Akapewa vidonge na karatasi ya vyakula. Alivimeza miezi kadhaa, vikamsumbua tumbo, kila mara akiwa chooni. Cherehani yake ikawa inakaa tu. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, hivi vidonge vitaniua kabla ya ugonjwa wenyewe."

Nilipaswa kusema, turudi kwa daktari tumwambie habari ya tumbo, huenda zipo namna nyingine. Maneno machache tu. Badala yake nilisema, "Acha sukari ya dukani kabisa. Tumia asali ya nyuki wadogo. Ile ni dawa."

Nilisema kwa sauti yangu ya darasani. Mama yako aliishia darasa la saba, na aliniheshimu kwa mambo ya vitabu kuliko nilivyostahili. Vidonge vikaingia kwenye kabati. Asubuhi ikawa chai na asali, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ya kuchovya.

Bi Zuhura, jirani yetu wa Isevya aliyekuwa akiuza viungo na vitenge, alituona. Unamkumbuka, alikuwa haogopi mtu. Alisimama pale mlangoni na kikapu chake akasema, "Mwalimu, tamu ni tamu tu, hata ukiipa jina la dawa. Marehemu mume wangu alikuwa na sukari, najua ninachosema. Mrudishe mkeo kliniki."

Nikamjibu, "Bi Zuhura, wewe uza bizari. Haya mengine tuachie sisi tuliosoma."

Akacheka kidogo. "Haya. Tuliosoma." Akaenda zake. Mama yako alinisuta siku ile, akasema nimemkosea mtu mzima mwenzangu adabu. Na kweli nilimkosea, lakini kosa langu kubwa lilikuwa lingine.

Nilinunua ile mashine ndogo ya kupimia sukari kwa sababu nilitaka kumwonyesha Bi Zuhura. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu. Jumapili ya kwanza, baada ya misa, tulikaa kwenye meza hii hii. Wewe ulikuwa umeingia kidato cha kwanza. Ulikaa upande wa pili na daftari lako jipya, ukajichorea safu mbili kwa rula, tarehe na namba, ukafurahi sana kupewa kazi ya ukarani. Mama yako macho yalishaanza ukungu, namba za kwenye kioo kile kidogo hakuziona. Akanyoosha kidole nikamchoma. Tukasubiri.

Ikatoka kumi na saba nukta mbili.

Mama yako akauliza, "Mwalimu, nimepata maksi ngapi?"

Ulikuwa utani wake. Unakumbuka. Nikamtazama, amefumba macho nusu, anatabasamu, kidole bado kinatoka damu. Nikafungua mdomo. Lile "kumi na" nikalimeza. Nikasema, "Saba nukta mbili."

"Nimefaulu?"

"Umefaulu."

Wewe ukaandika. Nilisikia kalamu yako.

Nilijiambia ni Jumapili moja tu. Nilijiambia wasiwasi wenyewe hupandisha sukari, kwa hiyo nikimtuliza nitakuwa nimemtibu. Nilijiambia wiki ijayo itashuka. Wiki iliyofuata ilikuwa kumi na sita nukta tisa, nikaona kweli inashuka, asali inafanya kazi, nikasoma sita nukta tisa. Ukishasoma uongo mara mbili, ya tatu si kazi. Kusema ukweli siku hiyo kungemaanisha kusema pia ule wa wiki iliyopita na wa wiki kabla yake, mbele yako, mbele yake. Zilipovuka ishirini, kuondoa hakukutosha tena, nikawa nabuni.

Jambo ambalo halinipi usingizi ni hili. Mama yako aliujua mwili wake. Alisema amechoka. Alisema nyayo zinamwaka moto, kisha akasema hazisikii kitu kabisa. Alikonda hadi nguo alizojishonea mwenyewe zikamning'inia. Mwili wake ulimwambia ukweli kila siku, na kila Jumapili namba zangu zikamwambia mwili wake unadanganya. Siku moja alisema, "Labda ni uzee, maana sukari si iko sawa?" Nikasema iko sawa. Alikuwa hajafika miaka hamsini na mbili.

Kidonda kilianza na kandambili mpya. Ule mkanda wa kati ulimchubua kati ya vidole, yeye hakusikia, aliona damu tu kwenye sakafu. Tukapaka asali. Wapo wanaopaka asali kwenye vidonda na vikapona, sitakudanganya tena hata kwa hilo. Lakini mguu ule ulikuwa umekufa ganzi, na ndani yake sukari imejaa. Baada ya wiki mbili kidole kikawa cheusi. Bi Zuhura ndiye aliyeita bajaji. Hakunisema. Alimshika mama yako kiuno, akampandisha, akaniambia tu, "Kaa mbele."

Kule hospitalini daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza kama tuna kumbukumbu za vipimo. Mama yako akasema kwa fahari, "Zipo, mwanangu kaziandika zote," akakutuma daftari nyumbani. Daktari akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Akamtazama mama yako, akanitazama mimi. Sukari aliyoikuta yeye ilikuwa ishirini na nane.

"Mzee, hizi namba nani alikuwa anazisoma?"

"Mimi."

Alilifunga daftari taratibu. Nafikiri alijua. Nafikiri alinipa nafasi. Kisha akasema, "Basi mashine yenu itakuwa mbovu."

Nikasema, "Itakuwa mbovu, daktari."

Walimkata chini ya goti, na sumu ilishapanda. Aliishi siku nne tu. Siku ya tatu alikuwa na fahamu, akaniambia, "Mwalimu, nilifaulu zote, sasa hii imetoka wapi?" Nyamizi, nilikuwa na saa nzima peke yangu naye. Wewe ulikwenda kuchukua uji. Nilimshika mkono saa nzima. Sikumwambia. Amekufa akidhani mwili wake ulimsaliti bila sababu.

Na bado sijafika palipo pabaya zaidi.

Wiki moja baada ya kumzika, watu walishatawanyika, ulinijia jioni hapa mezani na daftari lako. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulisimama, hukukaa. Ukasema, "Baba, mimi nilikosea kuandika?"

Mtoto wangu. Siku saba ulikuwa umebeba hilo peke yako.

Pale pale ningeweza kukutua mzigo. Ningesema, ni mimi. Nilichosema ni, "Hapana, uliandika vizuri. Sukari ilikuwa sawa. Ni kile kidonda tu, na kule kukatwa." Ulilia kwa kufarijika, nikakushika bega, nikajiona baba mwema. Lakini nilikupa vitu viwili jioni ile, navyo umevitunza miaka yote hii: kwamba asali ilimfaa mama yako, na kwamba hospitali ndiyo iliyomuua. Sasa unapakia vyote viwili kwenye begi lako, sukari ikiwa kumi na moja, unakwenda mahali ambapo hakuna Bi Zuhura mlangoni.

Sina mafundisho mengi. Mimi mwenyewe vidonge vyangu vya presha nilivimeza siku nilizojisikia vibaya na kuviacha siku nilizojisikia vizuri, na ndiyo maana leo nalala nimekaa, na miguu inavimba mpaka soksi inaacha alama. Daktari wa moyo ameniambia wazi, nami nimeacha kubishana na watu wanaojua. Likizo yako ya kwanza sitarajii kuwepo. Kwa hiyo usinichukue kama mtu anayekuhubiria. Nakuonyesha tu pale nilipoangukia.

Asali yenyewe haina kosa. Ni chakula kizuri kwa mtu ambaye mwili wake unaiweza, na wa mama yako haukuiweza. Mwili wako naona unafuata wa mama yako. Ukipewa kidonge kikakuvuruga tumbo, rudi ukaseme, wakupe namna nyingine. Usikae nacho kabatini kwa aibu, kwa sababu mama yako alikaa nacho kabatini kwa heshima yangu. Na mtu yeyote, awe na shahada, awe mzee wa ukoo, awe mumeo, asije akakutangulia kuisoma namba inayohusu damu yako. Kama huoni, mtafute mtu asiye na cha kujitetea.

Kundi lako la WhatsApp sikuambii utoke. Lakini yule mama wa Nzega mwambie. Mwambie hivi hivi ilivyokuwa, na jina langu ulitaje. Huenda yeye pia ana mwalimu nyumbani.

Asubuhi hii, ulipokuwa bafuni, nilichukua lile daftari kwenye begi lako. Usikasirike. Nilitafuta kalamu nyekundu, ile iliyobaki ya kusahihishia, nikakaa nalo na kioo changu cha kukuzia. Mbele ya kila namba uliyoiandika nimerudisha moja niliyoimeza. Imenichukua muda, na zipo sehemu wino umevuja. Kwenye kurasa tatu za mwisho, zile ninazokumbuka kuwa nilizibuni, nimeandika pembeni "zaidi ya ishirini", kwa sababu namba halisi sizikumbuki. Mwandiko wako sikuugusa. Ulikuwa sahihi wakati ule na uko sahihi sasa. Daftari nimelirudisha mahali pake, juu ya vidonge vyako, ambavyo niliviona bado vimefungwa kwenye bahasha yao.

Dumu la asali ulilopakia nimelitoa kwenye mzigo. Liko chini ya meza. Sikulimwaga, maana kukuamulia nimeshakuamulia vya kutosha. Ukitaka kulibeba, libebe, ukiwa unajua.

Nina ombi moja, nalo unaweza kulikataa. Nimemtuma binti wa duka la dawa aniletee mashine mpya ya kupimia, iko kwenye kabati la vyombo. Kesho asubuhi, kabla ya chai, kabla bajaji haijaja, tukae hapa mezani. Utajichoma kidole mwenyewe na kusoma mwenyewe. Sasa macho yangu mimi ndiyo yenye ukungu, sitaiona namba hata ukinisogezea. Nitakaa upande ule aliokaa mama yako.

Isome kwa sauti. Nitaamini utakachosema, kama yeye alivyoniamini mimi.

Baba yako